Eliya Chini ya Mretemu: Neno kwa Wanaofundisha na Wanaolea Vijana wa Vyuo

Somo: 1 Wafalme 19:1-18



Vyuo vinapofunguliwa, makanisa yetu hupata sura mpya. Vijana huja na mabegi na magodoro yao, huuliza saa za Misa, hujiunga na kwaya. Twawapokea kwa furaha, na ni vema. Lakini sisi tuliotumia miaka yetu katika vyuo vya ualimu twajua ya kuwa begi la mwanachuo si mzigo wake wote. Huenda yuko aliyekuwa Katesh, wilaya ya Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka mlimani na kufunika nyumba. Huenda yuko aliyempoteza ndugu katika kivuko cha MV Nyerere huko Ukara, tarehe 20 Septemba 2018. Yuko aliyelelewa katika kambi ya wakimbizi Kigoma, kwa kuwa wazazi wake waliikimbia Kongo au Burundi. Yuko aliyesikia mama yake akipigwa usiku baada ya usiku. Na yuko aliyetendwa uovu na mtu wa nyumbani mwake, wala hajamwambia mtu ye yote mpaka leo.

Siku hizi wataalamu huliita jambo hili kiwewe. Wazee wetu walisema mtu ana jeraha la moyo. Majina yote mawili ni mazuri, nasi tutayatumia yote mawili.

Katika ukurasa huu twataka kusema jambo moja. Kijana mwenye jeraha la moyo hasaidiwi kwa kuachwa ajitegemee peke yake, wala hasaidiwi kwa kushushiwa kazi mpaka isiwe kazi tena. Husaidiwa kwa kuondolewa kile kinachomzuia kuifikia kazi ile. Hebu tuone jinsi Mungu mwenyewe alivyofanya na mtumishi wake Eliya.

Mungu alianza na mkate

Eliya alikuwa amesimama juu ya mlima Karmeli mbele ya manabii wa Baali mia nne na hamsini, wala hakuogopa. Kisha ukaja ujumbe wa Yezebeli kwamba atauawa. Mtu yule yule aliyekuwa simba jana akakimbia mpaka Beer-sheba. Akamwacha mtumishi wake huko, akaenda peke yake jangwani mwendo wa siku nzima, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe.

Angalieni, ndugu, Mungu hakumkemea. Hakumkumbusha Karmeli wala kumwambia kwamba nabii hapaswi kulia. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa akamwambia ale, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akakiri ya kuwa safari ile ni kubwa kuliko nguvu zake. Lakini safari haikufutwa. Eliya alikula, akaenda kwa miguu yake mwenyewe siku arobaini, mchana na usiku, mpaka Horebu.

Huko pangoni Mungu akamwuliza anafanya nini pale. Eliya akaeleza uchungu wake wote: ya kuwa manabii wameuawa, ya kuwa amebaki peke yake. Ukapita upepo, na tetemeko, na moto, kisha sauti ndogo ya utulivu. Akaulizwa tena swali lile lile. Na msomaji akitazama mstari wa 10 na mstari wa 14 ataona ya kuwa Eliya alijibu kwa maneno yale yale, hata kidogo hakuyabadili. Mtu aliyejeruhiwa hurudia habari yake. Nasi mara nyingi humwambia, "Hilo umekwisha kutuambia." Mungu hakusema hivyo. Alisikiliza mara mbili.

Ndipo akampa kazi: awapake mafuta Hazaeli na Yehu, na Elisha ashike mahali pake. Akamwambia pia kwamba hayuko peke yake, kuna elfu saba ambao hawajampigia Baali magoti. Basi Eliya alipata mambo manne, na kwa taratibu yake: chakula na usingizi, sikio la kumsikiliza, kazi ya kufanya, na mwenzi wa kufanya naye.

Mlinzi asiyelala

Kwa nini kijana hodari ashindwe ghafula darasani? Yatupasa kufahamu kidogo jinsi Mungu alivyouumba mwili. Hatari ikija, moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza, damu hukimbilia miguuni na mikononi ili mtu akimbie au apigane. Hiyo ni neema, maana bila hiyo tusingeishi. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini hatari ikiwa kubwa mno, au ikirudiwa mara nyingi, hasa katika utoto, yule mlinzi wa ndani huweza kukataa kulala. Vita vimekwisha, naye bado anakesha. Ndipo harufu ya moshi, au mlango unaobamizwa, au sauti ya mwanamume mwenye hasira, humrudisha kijana katika siku ile ile ya msiba.

Mtu anayekesha hivyo hawezi kushika somo vizuri. Usingizi wake ni wa vipande. Husahau aliyosoma jana. Hukasirika kwa jambo dogo, au hukaa kimya kama gogo. Madaktari wa Marekani waliuandika ugonjwa wa namna hii katika kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 1980, baada ya kuwaona askari waliorudi kutoka vita vya Vietnam na watu wengine waliopatwa na maafa. Si kila apatwaye na msiba huugua hivyo. Wengi hupona kadiri siku zinavyopita, hasa wakiwa na watu wema karibu nao. Na hapo ndipo mwalimu na mkristo wa mtaani wanapokuwa na nafasi.

Shida ni kwamba chuoni jeraha halionekani kama jeraha. Huonekana kama uvivu, au ukaidi, au kiburi. Na kanisani wengine huharakisha kuliita pepo. Tukisha kumpa kijana jina hilo, hatumtazami tena.

Dawati karibu na mlango

Tutoe mfano mmoja. Katika chuo kimoja tulichofundisha alikuwako mwanachuo wa mwaka wa kwanza, kijana mpole, kazi zake za darasani nzuri. Ulipofika mtihani aliingia ukumbini, akaketi, na mlango ulipofungwa akasimama akatoka. Siku ya pili ikawa vile vile. Katika kikao cha wakufunzi wengine walisema aandikiwe barua ya kuondoka, maana sheria ya utoro wa mtihani iko wazi. Mlezi wa wanachuo, mama mmoja mtulivu, aliomba apewe siku mbili.

Yule mama hakumwuliza kijana kwa nini anatoroka. Alimwuliza, "Mwanangu, ungeketi wapi ungeweza kuandika?" Naye akajibu, "Karibu na mlango, mama, na mlango usifungwe kwa komeo." Hayo tu. Likawekwa dawati karibu na mlango, mlango ukarudishwa bila komeo, na mtumishi mmoja akasimama nje kuulinda. Mtihani ulikuwa ule ule, dakika zile zile, na msahihishaji hakuambiwa neno. Kijana alifaulu, si kwa alama za juu, lakini kwa alama zake mwenyewe. Leo ni mwalimu.

Sababu aliieleza kwa hiari yake baada ya miezi mingi. Alipokuwa sekondari bweni lao liliungua usiku, na mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Ameturuhusu kuandika habari hii bila jina lake.

Hapo ndugu mwingine atasema, "Tukianza mambo haya, kila mvivu atajidai ana jeraha." Twamjibu kwa upole. Mvivu atapata faida gani kwa kuketi karibu na mlango? Maswali bado anayo mbele yake. Kama tungalimfutia kijana yule mtihani, au kumpa alama za bure, tungalimdanganya, na tungaliwadanganya watoto ambao angekwenda kuwafundisha. Kipimo hakikuguswa. Kilichohamishwa ni dawati.

Wanafunzi wa kwanza wa Kanisa letu

Tusidhani kwamba jambo hili ni geni la siku hizi. Kanisa Anglikana katika visiwa na pwani yetu lilianza shule zake kwa wanafunzi wenye majeraha makubwa. Mwaka 1864, Askofu Tozer wa UMCA alipofika Unguja, wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, ambao Sultani Majid alimkabidhi. Mmoja wao, John Swedi, baadaye alikuwa shemasi. Kutoka mwanzo huo mdogo kilikua Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kilichofundisha walimu na watumishi wa Kanisa, na shule ya wasichana huko Mbweni.

Mwaka 1887 kilichapwa London kitabu cha habari walizoziandika vijana wa Kiungani wenyewe, kikatafsiriwa na A. C. Madan, yule mtunga kamusi za Kiswahili. Humo wanaeleza nchi walizotoka, jinsi walivyokamatwa na kuuzwa, na njia ndefu ya kufika pwani. Na Cecil Majaliwa, aliyetoka utumwani akasoma Kiungani, alipewa upadre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza kuwa padre katika misheni ile, akawatumikia watu wa Chitangali.

Hatusemi ya kuwa kila kilichofanyika huko kilikuwa chema. Vijana wale walipewa majina mengine, na wengi hawakuwaona tena wazazi wao. Lakini jambo moja twaweza kujifunza. Hawakuwekwa kando kama watu wa kuhurumiwa tu. Walipewa kitanda na chakula, kisha wakapewa kalamu, na mitambo ya kupiga chapa, na darasa la kufundisha. Aliyeuzwa kwa nguo na shanga akaaminiwa kazi ya kuwaongoza wengine. Ni taratibu ile ile ya Eliya.

Wala si mambo ya zamani peke yake. Alhamisi Kuu ya mwaka 2015, tarehe 2 Aprili, wauaji wa al-Shabaab waliingia alfajiri katika chuo kikuu kishiriki cha Garissa, nchini Kenya, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi, wakiwatenga wakristo ili kuwaua. Waliosalimika wengi walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, waendelee na masomo yao. Fikirini, ndugu, mhadhiri wa Eldoret anayeingia darasani asubuhi, na mbele yake wameketi vijana waliotoka chini ya vitanda na ndani ya makabati walikojificha. Hakuna kitabu cha hesabu wala cha ualimu kinachoanza na sura hiyo. Lakini somo lilipaswa kufundishwa, maana vijana wale walikuwa wamekuja kusoma, na kuwanyima elimu kungekuwa kuwaachia wauaji ushindi wa pili.

Yaliyo katika uwezo wa mwalimu

Mwalimu si daktari, wala haimpasi kujifanya daktari. Kazi yake ni kulifanya darasa liwe mahali pa salama pa kusomea. Mwaka 2014 idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya ya akili ilitoa mwongozo wenye nguzo sita: usalama, uaminifu na uwazi, msaada wa wenzake, ushirikiano, sauti na uchaguzi wa mhusika, na kuheshimu utamaduni na historia yake. Maneno ni makubwa, lakini katika chuo cha kawaida, chenye chaki na madawati machache, hugeuka kuwa mambo madogo ya kila siku.

Mwalimu asishtukize. Atangaze mapema siku ya jaribio, siku ya mazoezi ya kuzima moto, na siku ambapo somo litahusu vita au mauaji. Mtu aliyeshtushwa na maisha hutulia anapojua kinachokuja.

Asimwaibishe mtu mbele ya wenzake. Mwenye kosa aitwe pembeni, kwa sauti ya chini, mahali panapoonekana na watu na mlango ukiwa wazi. Hilo humlinda mwanachuo na humlinda mwalimu pia.

Atoe nafasi ya kuchagua njia, si kuchagua kama atafanya kazi au la. Asiyeweza kusimama leo mbele ya wenzake sitini aanze mbele ya watatu, wiki ijayo kumi. Mwisho wa muhula lazima asimame mbele ya darasa zima, maana ndiyo kazi aliyokuja kujifunza.

Asichimbe. Shirika la Afya Duniani na wenzake, katika mwongozo wao wa mwaka 2011 wa huduma ya kwanza kwa watu waliopatwa na msiba, walifundisha mambo matatu: kutazama, kusikiliza, na kumwunganisha mtu na msaada. Hawakusema kumlazimisha aeleze yote. Mwenye kusema asikilizwe, na arudiapo asikilizwe tena. Mwenye kunyamaza aheshimiwe.

Atunze siri. Habari ya kijana isipelekwe kwenye chai ya wakufunzi. Lakini asiahidi siri isiyo na mpaka. Kijana akisema ya kuwa ataka kujiua, au kwamba bado anatendwa uovu, hapo hapana budi kumwambia wazi, "Mwanangu, hili siwezi kulibeba peke yangu, twende pamoja kwa anayeweza." Kisha aende naye hospitali au kwa mshauri. Kumwelekeza kwa kidole hakutoshi.

Twasisitiza haya kwa vyuo vya ualimu hasa. Mwanachuo wa leo kesho atasimama mbele ya watoto hamsini au sitini. Atakavyowatendea hakutoki katika madaftari ya saikolojia peke yake. Kunatoka katika jinsi alivyotendewa siku aliyoshindwa. Aliyekemewa mpaka akavunjika ataona kukemea ndiko kufundisha. Aliyewekewa dawati karibu na mlango atajua kumtafuta mtoto anayetazama mlango.

Yaliyo katika uwezo wa mtaa wetu

Si wote wasomao ukurasa huu ni walimu. Lakini wote tuna malango, na wengi tuna vyungu. Mwanachuo asiyekuwa na mahali pa kwenda wakati wa likizo apate nyumba moja ya mkristo anayoweza kubisha hodi. Umoja wa Akina Mama waweza kuwa na zamu ya kuwapikia vijana Jumapili moja kwa mwezi. Sahani ya wali na maharage si jambo dogo, maana malaika naye alianza hapo.

Tusimlazimishe kijana kutoa ushuhuda. Tumezoea kusema, "Njoo mbele utuambie Bwana alivyokuokoa." Kwa mwingine kusimulia ni uponyaji. Kwa mwingine ni kurudishwa motoni mbele ya watu mia. Ngojeni mpaka aombe mwenyewe.

Tusiharakishe kumtaka asamehe. Msamaha ni amri ya Bwana, na pia ni tunda, na tunda huiva kwa wakati wake. Wala tusimwambie kwamba kwenda kwa daktari wa akili ni kukosa imani. Yule anayeombewa na kunywa dawa ya malaria hatumcheki. Sala na hospitali vyatoka kwa Mungu mmoja.

Mwishowe tumtazame Bwana wetu mwenyewe. Petro alimkana karibu na moto wa makaa, katika ua wa kuhani mkuu. Baada ya kufufuka, Yesu alimngojea ufuoni mwa bahari, na Mtakatifu Yohana katika sura ya 21 atuambia ya kuwa hapo palikuwa na moto wa makaa, na samaki, na mkate. Kwanza wakala. Ndipo Bwana akauliza swali lake mara tatu, kwa subira. Ndipo akampa kazi ya kulisha kondoo, kazi nzima, bila kupunguza hata robo. Petro hakuachwa, wala hakupunguziwa. Basi na sisi tulio na vijana mikononi mwetu, chuoni, nyumbani na kanisani, twende tukafanye vivyo hivyo.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyemlisha Eliya jangwani na kumngojea Petro ufuoni, uwatazame vijana wote wa vyuo walio na majeraha yasiyoonekana. Uwape usingizi wa amani na mwili uliotulia. Uwape walimu macho ya kuona na subira ya kusikiliza mara ya pili. Utufanye sisi wa mtaa huu kuwa mkate kwa wenye safari ndefu, hata wafike kwa miguu yao mahali ulipowaandalia kazi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.